Mercedes-Benz 600: Gari la wafalme na madikteta linalowatoa jasho mafundi

KATI ya magari ya kifahari yaliyoundwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ni machache mno yenye historia nzito kama Mercedes-Benz 600. Gari hilo lilimbeba Papa Paulo VI, likambeba Malkia Elizabeth II wa Uingereza alipoitembelea Ujerumani Magharibi mwaka 1965, na likawabeba pia watawala ambao majina yao hadi leo hayatajwi bila kukumbusha misiba.

Kiwanda cha Daimler-Benz cha Sindelfingen, karibu na jiji la Stuttgart, kililiunda kwa muda wa miaka 17, tangu mwaka 1964 hadi 1981. Katika muda wote huo yalitoka magari 2,677 tu. Kwa kulinganisha, Mercedes ya aina ya W123, ile ambayo wakazi wengi wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam waliizoea katika miaka ya 1980, iliundwa kwa idadi inayokaribia milioni 2.7. Maana yake ni kwamba kwa kila Mercedes 600 moja, zilitoka W123 zipatazo 1,000.

Uchache huo peke yake ungetosha kulifanya gari hili litafutwe. Hata hivyo, wanaolitafuta hawavutwi na uchache tu. Wanavutwa na ukweli kwamba hili ni gari ambalo wahandisi wake waliachiwa wafanye karibu kila walilotaka, pasipo kuulizwa sana litagharimu kiasi gani. Gharama ambayo wahandisi hawakuijali wakati ule ndiyo inayomwangukia leo kila mwenye ujasiri wa kulikarabati.

Mrithi wa jina zito

Mercedes 600 haikuzuka tu. Mwaka 1930 kampuni ya Daimler-Benz ilitoa gari lililoitwa 770, ambalo Wajerumani walilipa jina la "Grosser Mercedes", yaani Mercedes Kubwa. Mfalme Hirohito wa Japani alikuwa nalo. Toleo lake la pili, lililoanza kuundwa mwaka 1938, lilikuja kujulikana duniani kote kwa picha za Adolf Hitler akiwa amesimama wima ndani yake, akipungia umati mkono.

Vita vilipokwisha, viwanda vya kampuni hiyo vilikuwa magofu na jina hilo lilikuwa limechafuka. Daimler-Benz ilirejea polepole kwenye magari ya wakubwa kwa kutoa Mercedes 300 mwaka 1951, ambalo lilipachikwa jina la Adenauer kwa kuwa Konrad Adenauer, Kansela wa kwanza wa Ujerumani Magharibi, alilitumia kwa miaka mingi. Lilikuwa gari la heshima, lakini la kiasi. Lilifikia mwisho wake mwaka 1962.

Wakati huo Ujerumani Magharibi ilikuwa imekwishatajirika tena. Fritz Nallinger, mhandisi mkuu wa kampuni, alitaka gari ambalo lingeshinda magari yote duniani, Rolls-Royce ikiwamo, tena si kwa anasa tu bali hata kwa mwendo. Umbo lake lilichorwa na Mfaransa Paul Bracq, aliyekuwa akifanya kazi chini ya Friedrich Geiger. Bracq ndiye huyo huyo ambaye baadaye, baada ya kupitia BMW, alihamia Peugeot na kuongoza ubunifu wa sehemu za ndani za magari kwa zaidi ya miaka 20. Msomaji aliyewahi kusafiri kwa Peugeot 505, gari ambalo halikuwa geni katika barabara kuu za Afrika Mashariki, huenda aliketi mbele ya dashibodi iliyopitia mikononi mwake bila kujua.

Mercedes 600 ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika maonesho ya magari ya Frankfurt, Septemba 1963. Bei yake ilipotangazwa ilikuwa mark 56,500 za Ujerumani kwa gari fupi. Fedha hizo zingetosha kununua Volkswagen za kobe zaidi ya 10. Gari refu, lililoitwa Pullman, lilikuwa mark 63,500.

Tukisema "fupi" msomaji asidanganyike. Gari hilo fupi lina urefu wa mita 5.54 na uzito unaokaribia tani mbili na nusu. Pullman ina urefu wa mita 6.24, yaani inaizidi Toyota Hiace ya kawaida, tuliyoizoea kama daladala au matatu, kwa takriban mita moja na nusu. Nyuma ya dereva kuna kioo cha kumtenganisha na abiria, na wengine waliagiza viti vya abiria vitazamane kama katika sebule.

Kulikuwa pia na Pullman ya milango sita, na kulikuwa na ile iitwayo Landaulet, ambayo sehemu ya nyuma ya paa hukunjwa ili kiongozi aonekane na wananchi huku dereva akibaki amefunikwa. Landaulet ziliundwa 59 tu. Pullman za paa la kawaida zilikuwa 428, na magari mafupi 2,190.

Injini na shinikizo

Injini ya gari hili ilikuwa ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la herufi V, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 6,332 na nguvu za farasi 250. Ilikuwa injini ya kwanza ya V8 ambayo Mercedes iliitia katika gari la kuuzwa kwa umma. Mafuta hayakupitia kwenye kabureta. Yalisukumwa na pampu ya Bosch yenye bomba moja kwa kila silinda. Gari hilo zito lilikimbia kilomita 205 kwa saa, na kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa lilitumia takriban sekunde 10, mwendo ambao magari mengi ya spoti ya siku zile yasingeuonea aibu.

Mhandisi mmoja wa kampuni hiyo, Erich Waxenberger, aliona kuwa injini hiyo inapotea ndani ya gari zito, akaitia katika saluni ya kawaida kwa majaribio. Kutokana na utundu huo ilizaliwa Mercedes 300 SEL 6.3 ya mwaka 1968. Hiyo ni habari nyingine, lakini ina uhusiano na yatakayofuata, kwa sababu injini za 600 zilizochakaa zilipata mpinzani katika kugombea vipuri.

Kilichoitofautisha Mercedes 600 na magari mengine yote ni mfumo wake wa haidroliki, na hapa inafaa tukae kidogo.

Miaka ile mota za umeme za kupandisha vioo na kusogeza viti zilikuwa kubwa na zilipiga kelele. Nallinger na wenzake hawakutaka kelele. Wakaamua kwamba kila kitu ndani ya gari kisukumwe na mafuta yenye shinikizo. Pampu inayoendeshwa na injini husukuma mafuta hayo hadi shinikizo la baa 150, ambalo ni zaidi ya mara 60 ya upepo uliomo katika tairi la gari dogo. Mafuta hupita katika mabomba membamba yaliyotambaa gari zima, ndani ya milango, chini ya viti na hadi nyuma kwenye buti.

Swichi ya dirisha katika gari hili si swichi ya umeme hata kidogo. Ni vali. Ukiibonyeza kidogo, mafuta hupita kidogo na kioo hupanda taratibu. Ukiibonyeza hadi mwisho, kioo huruka juu kwa kasi ya kutisha. Hakuna sauti yoyote. Viti husogea mbele, nyuma, juu na chini kwa namna hiyo hiyo. Mlango ukiusukuma ukagusana tu na fremu yake, mfumo huuvuta na kuufunga wenyewe. Buti hufunguka na kufungika vivyo hivyo. Na kwa kuwa lipo tangi dogo la kuhifadhi shinikizo, vioo huendelea kufanya kazi kwa muda hata injini ikiwa imezimwa.

Nguvu hiyo haina huruma. Magari ya kisasa yana vihisi vinavyosimamisha kioo kikigusa kitu. Mercedes 600 haina. Kidole kilichosahauliwa juu ya kioo kinaweza kuvunjika, na wenye magari hayo huwaonya wageni wao kabla hawajaketi.

Mbali na haidroliki, gari hili halina springi za chuma. Linaelea juu ya mifuko ya mpira iliyojazwa hewa, ambayo hupewa pumzi na kompresa yake. Dereva anaweza kuliinua gari kwa sentimita tano akifika kwenye barabara mbovu, na kwa kutumia kishikio kilicho karibu na usukani anaweza kuzifanya shokapu ziwe ngumu au laini. Magurudumu ya mbele yana breki za diski zenye kalipa mbili kila upande.

Walioketi nyuma

Orodha ya waliomiliki gari hili inasomeka kama kitabu cha historia ya karne ya 20. Wamo wasanii: Elvis Presley, John Lennon, mwongozaji wa okestra Herbert von Karajan. Yumo mbunifu wa mavazi Coco Chanel na tajiri wa meli Aristotle Onassis. Papa Paulo VI alikabidhiwa Landaulet ya pekee mwaka 1965, yenye kiti kimoja cha enzi nyuma, ambayo baadaye ilirudishwa kwa kampuni na kuwekwa katika makumbusho yake.

Ajabu ni kwamba serikali ya Ujerumani Magharibi yenyewe haikuwa miongoni mwa wateja wakubwa. Ilipopata mgeni wa heshima, iliazima gari kutoka kiwandani na kulirudisha ziara ilipokwisha. Watunga sera wa Bonn waliona kuwa gari hilo ni la fahari kupita kiasi kwa viongozi wa nchi iliyoanzisha vita miaka michache tu iliyopita.

Wengine hawakuona hivyo. Mao Zedong wa China alikuwa nazo, Josip Broz Tito wa Yugoslavia alikuwa nazo, na Shah wa Iran na Nicolae Ceausescu wa Romania kadhalika. Barani Afrika hutajwa Mobutu Sese Seko, Idi Amin, Jean-Bedel Bokassa aliyejivika taji la ufalme mjini Bangui Desemba 1977, na Rais wa kwanza wa Kenya, Jomo Kenyatta.

Haingekuwa haki kuwatia wote hao katika kapu moja. Lakini ni kweli kwamba kwa wengi wao gari hilo lilinunuliwa kwa fedha za umma, katika nchi ambazo barabara ya lami ilikuwa ikiishia nje kidogo ya mji mkuu. Shah alipinduliwa mwaka 1979, mwaka ule ule Amin na Bokassa walipoondolewa madarakani. Ceausescu aliuawa Desemba 1989. Magari yalibaki.

Lugha yetu nayo haikukaa kimya. Ni Waswahili walioipa dunia neno "wabenzi", kwa kuchukua jina la gari na kulivalisha kiambishi cha watu, kana kwamba wanaoendesha Mercedes ni kabila jipya lililozuka baada ya uhuru. Neno hilo halikutokana na aina ya 600 peke yake, kwani Mercedes za kawaida zilikuwa nyingi zaidi katika maegesho ya wizara. Lilienea toka Kenya na Tanzania hadi likaingia katika vitabu vya Kiingereza vinavyozungumzia siasa za Afrika. Nchini Tanzania, Azimio la Arusha la Februari 1967 lililowakataza viongozi kuwa na mishahara miwili au kupangisha nyumba lilitoka katika hewa hiyo hiyo ya kuchukizwa na tabaka jipya. Miaka ilivyosonga, Watanzania waliwahamishia wakubwa wao jina jingine, "mashangingi", safari hii kwa sababu ya magari makubwa ya Kijapani.

Kenya iliwahi kufanya jambo ambalo msomaji wa historia hawezi kulipita bila kutabasamu. Mwaka 2009, Waziri wa Fedha aliagiza mawaziri na maofisa wa serikali waache magari makubwa na kutumia yenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,800. Zikanunuliwa Volkswagen Passat. Waziri huyo alikuwa Uhuru Kenyatta, mwana wa Jomo. Injini ya Mercedes 600 ni kubwa mara tatu na nusu ya kipimo alichokiweka.

Kulifufua

Gari la kawaida la miaka ya 1960 linaweza kukarabatiwa na fundi mwerevu wa gereji ya mtaani. Atanyoosha bodi, ataziba kutu, atafungua injini na kubadili ringi na beringi, atalipiga rangi na kumkabidhi mwenyewe. Mercedes 600 haikubali hivyo.

Kwanza ni mabomba ya haidroliki. Mpira unaozuia mafuta kuvuja kwenye vali na viungo vya mabomba huzeeka hata kama gari limefunikwa ghalani. Mafuta yakianza kuvuja ndani ya mlango, huingia kwenye ngozi, kwenye zulia na kwenye mbao za nakshi. Fundi hawezi kutengeneza palipovuja tu, kwa sababu akishaziba hapo shinikizo litatafuta pengine palipochoka. Mafundi waliobobea huona ni heri kuvua mfumo mzima, kuosha kila bomba, kubadili mipira yote na kuurudisha upya. Ni kazi ya miezi, na sehemu kubwa yake haionekani kwa macho gari likishakamilika.

Pili ni mifuko ya hewa pamoja na vali zake. Tatu ni ile pampu ya mafuta ya injini, ambayo hulazimika kupelekwa kwa mtaalamu mwenye benchi la kupimia, kwani mabomba yake manane yasipotoa mafuta kwa kiwango kimoja injini itatetema na kutoa moshi mweusi. Baada ya hapo ndipo yanakuja ya kawaida: kutu, kromu, ngozi, mbao, rangi. Na hata hayo ya kawaida si mepesi kwa gari lenye ukubwa wa chumba.

Vipuri vipo, lakini bei yake humfanya mtu akae chini. Kampuni yenyewe ilifungua kituo chake cha magari ya kale huko Fellbach, jirani na Stuttgart, mwaka 1993, na kingine Irvine, California, mwaka 2006. Vituo hivyo hukarabati magari na kutafuta vipuri vya magari ambayo yameacha kuundwa. Kuna faida nyingine ya kuwa na mtengenezaji anayetunza nyaraka: kila Mercedes 600 ilikuwa na kadi yake kiwandani, inayoonesha rangi iliyotoka nayo, aina ya ngozi au kitambaa na kila kifaa alichoagiza mteja. Mkarabati makini huanza na kadi hiyo kabla ya kushika spana.

Matokeo yake ni hesabu chungu. Kwa miaka mingi, gharama za kukarabati gari fupi zilizidi bei ambayo gari hilo lingeuzwa likishakamilika. Mwenye akili ya biashara aliona heri kulichinja na kuuza viungo vyake kwa wenye Pullman na kwa wenye 300 SEL 6.3. Ndiyo maana idadi ya 2,677 haimaanishi kuwa yote yapo. Landaulet zina bahati tofauti. Kwa kuwa ziko chache na nyingi zilikuwa mali ya ikulu, bei zake katika minada zimepanda kiasi cha kumlipa mkarabati jasho lake.

Upo pia mjadala ambao hauna mshindi. Je, gari la historia lirudishwe kuwa jipya kabisa, au liachwe na alama za umri wake? Wanaopenda upya husema kuwa gari hili liliundwa ili liwe kamili, hivyo ngozi iliyopasuka ni tusi kwa walioliunda. Wanaopinga husema kwamba kiti kikishavuliwa ngozi aliyoikalia Tito au Chanel, kinachobaki ni nakala iliyo ghali.

Mwandishi wa makala haya anaelemea kwa hao wa pili, isipokuwa katika jambo moja. Breki, mifuko ya hewa na haidroliki havina haki ya kuzeeka kwa heshima. Shinikizo la baa 150 ndani ya bomba lililochoka si historia, ni hatari. Ngozi na mbao, kwa upande mwingine, zikiweza kusafishwa na kulainishwa, ziachwe.

Kusimama ni kufa

Tatizo hilo linatuhusu hata sisi tusio na Mercedes 600. Katika Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam kuna magari ya viongozi, mojawapo ikiwa ni Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Julius Nyerere. Watoto wa shule huyatazama na kuuliza yalikimbia kiasi gani.

Jambo wasiloambiwa wageni wengi wa makumbusho, popote duniani, ni kwamba gari likisimama miaka mingi huharibika haraka kuliko linaloendeshwa kwa uangalifu. Mipira hukauka, mafuta ya breki hufyonza unyevu, petroli iliyobaki huganda kama gundi ndani ya tangi. Katika mji wa pwani, hewa ya chumvi humalizia kazi. Baadhi ya makumbusho ya Ulaya yana mafundi wanaoyawasha magari yao na kuyatembeza kwa ratiba. Ni gharama, lakini ni ndogo kuliko ile ya kuanza upya.

Jijini Nairobi, wenye magari ya zamani wamekuwa wakikutana kwa miongo mingi, tangu miaka ya 1970, katika mashindano ya Concours d'Elegance yanayofanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Huko waamuzi huinama na kuchungulia chini ya gari, hufungua boneti na kutazama ndani ya buti kwa tochi. Huonekana magari ambayo babu walinunua kwa ajili ya safari za shambani, yaking'aa kuliko siku yalipotoka dukani. Mengi yao ni ya kawaida, na hilo ndilo linaloyafanya yapendeze: mwenyewe anamjua fundi aliyefunga kila nati.

Mercedes 600 ilififia bila kishindo. Bei ya mafuta ilipopanda baada ya mwaka 1973, gari linalokunywa petroli kama lile likawa gumu kuteteewa hata na tajiri. Vifaa vya umeme navyo vilikuwa vimepungua ukubwa na kelele, na kazi ya haidroliki ikachukuliwa na mota ndogo za bei nafuu. Magari machache yaliendelea kuagizwa, hasa na serikali, hadi kiwanda kilipofunga hesabu mwaka 1981. Kampuni ilijaribu tena kuwafuata wateja wa daraja hilo mwaka 2002 kwa jina la Maybach, gari ambalo halikudumu hata miaka 12 kabla ya jina hilo kugeuzwa kuwa tawi la Mercedes yenyewe.

Kwa anayefikiria kununua Mercedes 600 leo, wajuzi wana kipimo kimoja kisichohitaji chombo chochote. Liegeshe jioni mahali pa tambarare, lizime, upime kwa mkono nafasi iliyopo kati ya tairi na ukingo wa bodi, kisha nenda kalale. Asubuhi likiwa limesimama vile vile, mifuko yake ya hewa ni mizima. Likiwa limelala upande mmoja kama ngamia anayepakiwa mzigo, muulize muuzaji bei yake upya. Kisha liwashe, usubiri dakika chache. Hewa ikianza kuingia, gari huinuka lenyewe taratibu hadi likae sawa.